Yindi, Mwita Rangi

Alipozaliwa chini ya mlima Qinxi, baba yake alikwisha kupata mabinti wawili, kwa hiyo huyu wa tatu akampa jina la Yindi, maana yake "mvute mdogo wa kiume", akitumaini jina litafanya kazi. Halikufanya. Baada ya Yindi wakaja wasichana wengine wawili, na mzee akaachana na majina ya kuagizia watoto, akarudi kwenye kazi aliyoiweza, kuchimba mawe ya kunolea.

Upanga wa Longquan, mji ulio chini ya mlima huo, hupata mng'aro wake kwa mawe hayo. Wahunzi husema kwamba babu wa wahunzi wote, katika zama zile za wafalme waliopigana bila kupumzika, alizunguka nchi nzima akitafuta chuma kizuri, maji baridi ya kisima na jiwe la kunolea, na asivikute vyote pamoja mpaka alipofika hapo. Yindi hakuwa na habari na babu huyo. Yeye alijua uzito wa mawe. Tangu ana miaka kumi na miwili aliyabeba kwa mti begani, kikapu mbele na kikapu nyuma, akishuka mlima hadi mtaa wa wahunzi.

Katika nyumba ya ukoo wa Zhan alikuwako kijana mmoja, Tiegen, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Yeye ndiye aliyepokea mawe. Siku moja aligeuza jiwe upande huu na upande ule, akasema, "Hili lina mchanga ndani. Lirudishe."

Yindi alilirudisha. Siku ya soko iliyofuata akalileta lile lile, ameliosha tu.

"Afadhali," alisema Tiegen. "Lakini hapa pembeni pana ufa. Lirudishe."

Mara ya tatu Yindi aliweka vikapu chini, akajifuta jasho, akamwambia, "Kaka, jiwe hili limepanda na kushuka mlima kuliko mbuzi. Kama unataka kuniona, sema. Bega ni langu, si la mama yako."

Tiegen aliiva uso kama chuma chake mwenyewe. Mama yake, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, alicheka hadi ungo ukamponyoka. Mwaka haukuisha kabla Yindi hajaolewa katika nyumba ile.

Mama mkwe ndiye aliyemfundisha kunoa. Kazi ya moto na nyundo ilikuwa ya wanaume, kazi ya jiwe na maji ikawa ya wanawake wa nyumba ile. Upanga ukitoka mikononi mwa mhunzi huwa mweusi na mzito wa sura, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Mnoaji huukalia siku kumi, siku ishirini, kwa jiwe la kukwaruza, halafu jiwe laini, halafu jiwe laini kuliko hilo, mpaka mistari ya chuma kilichokunjwa na kukunjwa tena itokeze juu ya bapa kama maji yanayotembea. Yindi alikuwa na subira ya kazi hiyo, na alikuwa na sikio pia. "Usiangalie tu," mama mkwe alimwambia. "Sikiliza. Chuma kigumu hulia juu ya jiwe. Chuma laini hulamba."

Wakapata mtoto mmoja, Suyun. Ikaja miaka ambayo panga zilihesabiwa kuwa takataka za zamani, na mtu hakuthubutu kuonekana nazo ukutani. Mtaa mzima ukafua mundu na visu vya jikoni. Yindi alinoa mundu kwa jiwe lile lile na kwa muda karibu ule ule, hata wakulima wakalalamika kwamba mundu wa akina Zhan unang'aa mno, unawapiga macho shambani. Tiegen alikunja chuma cha visu mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akasema anazoesha mkono tu.

Ruhusa ya kuwasha tena matanuri ya nyumbani ilipotoka, Tiegen alikuwa ana miaka hamsini na mitano. Alijenga karakana yenye tanuri uani. Wa kumpigia nyundo kubwa akawa Mzee Lai, jirani na rafiki tangu utoto, mtu mfupi, mpana, asiyeweza kupiga nyundo bila kusimulia kitu. Wawili hao ndio waliokuwa karakana nzima, na Yindi kwenye benchi lake la kunolea chini ya dirisha, upande wa pili wa ua.

Kwa miaka mitatu mambo yakaenda vizuri. Mwaka wa nne chama kimoja cha wacheza upanga kutoka Hangzhou kiliagiza panga kumi na mbili. Upanga wa kwanza ulipofika kwenye benchi la Yindi, jiwe lake lililia vizuri kutoka shinani hadi katikati, kisha likanyamaza. Huko mbele chuma kilikuwa kinalamba.

Aliuweka kando. Wa pili ukaja una ufa mwembamba kama unywele wa mtoto. Wa tatu ukalamba wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Upanga huzaliwa pale unapotolewa motoni na kuzamishwa majini. Ukizamishwa kabla ya wakati, unabaki laini kama kijiko. Ukizamishwa baada ya wakati, unapasuka. Na wakati huo hauna saa, una rangi tu. Ndiyo maana siku ya kuzamisha madirisha ya karakana huzibwa kwa magunia, kuwe na giza mchana, ili mhunzi aione rangi ya chuma na asidanganywe na jua. Yindi alikaa na ule upanga wa tatu mapajani, akamfikiria mumewe gizani mle, akiutazama moto.

Jioni ile, wakati wa chakula, alipasua yai la bata lililokaa kwenye chumvi, lile ambalo kiini chake huwa chekundu kama jua la kuzama. Akamwekea Tiegen nusu juu ya wali.

"Kiini kimetokaje?" aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa.

Tiegen alikitazama. "Kimepauka. Bata wa siku hizi hawali vizuri."

Kiini kilikuwa chekundu hadi mafuta yake yalitia rangi wali.

Yindi aliendelea kula. Baada ya kitambo akasema, "Baba Suyun, nipitishie zile nyuzi nyekundu hapo nyuma yako, nimalizie shada la mpini."

Akampa za kahawia.

"Ni nini?" alisema Tiegen, maana mkewe alikuwa anazitazama tu.

"Hizo ni za kahawia."

"Taa hii mbovu."

"Na yai nalo ni taa?"

"Nilisema ni bata."

"Na panga tatu?"

Hapo Tiegen aliweka vijiti vyake chini. "Makaa ya mwaka huu yana unyevu. Lai mwenyewe amesema."

"Lai husema mengi. Juzi alisema kuku wake anajua siku za soko." Yindi alisogea karibu, akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye taa kama anavyogeuza bapa la upanga. Katikati ya kila jicho, penye weusi, palikuwa na wingu. "Tangu lini?"

Tiegen alisogeza bakuli lake pembeni. Halafu akasema, si kwa hasira tena, "Tangu mwaka juzi. Nilidhani ni moshi. Nikawa nahesabu pumzi badala ya kutazama. Pumzi arobaini za mvukuto, naingiza majini. Mwanzo ilikubali."

"Na hukuniambia."

"Nikwambie nini? Kwamba mhunzi haoni moto?"

Mficha maradhi, kilio kitamfichua, na Yindi alikuwa na methali hiyo ulimini kabisa. Akaimeza. Alimwongezea wali tu, akamtolea miiba ya samaki, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu miaka ile Suyun alipokuwa mdogo, na Tiegen akala bila kulalamika.

Siku tatu baadaye walikuwa wanazamisha panga mbili. Mzee Lai alikuwa ameziba madirisha kwa magunia, mvukuto unavuma, pipa la maji limejaa, mlango ukafunguliwa. Yindi akaingia na aproni yake yenye tope la jiwe, akaufunga mlango nyuma yake.

Wahunzi wa mtaa ule walikuwa wametupa miko mingi, lakini mmoja waliushika: siku ya kuzamisha, mwanamke haingii penye tanuri. Akiingia, chuma huona haya kikapasuka.

"Shemeji!" Lai aliruka kama aliyekanyaga kaa. "Shemeji, umepotea njia? Jiko liko kule!"

"Jiko nalijua, Kaka Lai. Nimelipikia miaka thelathini na minne."

"Toka basi! Tiegen, mwambie mkeo. Leo si siku."

Tiegen hakusema kitu. Alikuwa ameinama juu ya makaa, koleo mkononi, na Yindi alijua kimya kile kuliko Lai. Kilikuwa kimya cha mtu anayeomba bila kufungua mdomo.

"Unaijua habari ya mke wa mhunzi wa kale," alisema Lai, sauti ikishuka. "Chuma kilikataa kuyeyuka miezi mitatu, mfalme amekasirika. Mke akasogelea tanuri, akaruka ndani. Chuma kikayeyuka. Moto ukizoea wanawake, shemeji, ndiyo habari yake hiyo. Mimi nakuhurumia."

"Wengine wanasema alitupa nywele na kucha tu."

"Kwetu tunasema aliruka."

"Kwenu husimulia wanaume," alisema Yindi. "Mimi habari hiyo naijua tangu nikiwa mtoto, na siku zote huwa najiuliza, hivi yule mume alikuwa anatazama wapi? Miezi mitatu yuko mbele ya tanuri, haoni kama moto wake una kasoro? Wangeniuliza mimi, ningesema yule bibi hakuruka. Alisogea, akatazama, akamwambia mumewe, 'Baba nanihii, ongeza makaa upande wa kushoto.' Ila mtu haoni fahari kusimulia hivyo. Sogea, Kaka Lai, unanizibia."

Akasimama kando ya bega la mumewe. Joto lilimpiga usoni. Chuma kilikuwa kimelala kati ya makaa, chekundu cha giza.

"Damu ya bata," alisema Yindi.

Kwa mara ya kwanza Tiegen akafungua mdomo. "Vuta, Lai."

Lai alivuta mvukuto, akinung'unika.

"Pilipili kavu," alisema Yindi. "Pilipili mbichi sasa, nyekundu. Inapanda. Shina limetangulia, ncha bado."

Tiegen alisogeza upanga kwa koleo, kidogo tu.

"Ncha inafuata. Bado. Bado. Kiini cha yai. Sasa!"

Upanga ukapita hewani, ukaingia majini ukipiga kelele kama paka. Mvuke ukawafunika wote watatu. Tiegen aliutoa, akaupima mkononi, akaugonga kwa ukucha, akaubana kidogo kwenye ukingo wa fuawe. Ulijikunja, ukabaki umejikunja.

Laini.

"Si nilisema?" alisema Lai. "Si nilisema?"

Yindi alijisikia uso ukimwaka, na haikuwa kwa moto. Lakini Tiegen alikuwa amekwisha kuanza kucheka, kicheko cha chini, cha tumboni, ambacho hakikuwa kimesikika uani pale tangu mwaka juzi.

"Mimi nimeharibu tatu," alisema. "Yeye ameharibu mmoja. Bado nimemshinda." Halafu akamgeukia mkewe. "Uliita vizuri. Kosa ni njiani. Kutoka motoni hadi majini chuma kinapoa. Iache rangi ipite yai kidogo."

"Ipite iwe nini?"

"Wewe ndiye mwenye macho. Nitajie."

Upanga wa pili ukaingia makaani. Damu ya bata, pilipili, kiini cha yai. Yindi alingoja. Rangi ilitambaa, ikawa kama chenza lililokaa juani upande mmoja, ndio kwanza linaanza kuacha wekundu.

"Sasa!"

Safari hii maji yalilia kwa sauti nyingine, fupi na nzito. Tiegen aliubana upanga kwenye fuawe, akauvuta hadi Lai akafumba macho. Alipouachia ulirudi wima, ukitetemeka na kuimba.

Lai alifungua jicho moja. "Haya," alisema. "Umerudi. Lakini mimi sikuona kitu, na nikiulizwa nitasema shemeji alileta chai."

Hakusema hivyo. Alikwenda akasimulia mtaa mzima kabla chai yenyewe haijachemka. Watu wakacheka. Wakasema katika nyumba ya Zhan kuku jike ndiye anayewika. Mhunzi mmoja wa kona ya chini alimwuliza Tiegen sokoni kama siku hizi anaosha pia vyombo. "Naosha," alijibu Tiegen. "Wewe huoshi? Basi ndiyo maana nyumba yako inanuka." Na kwa sababu panga zao zilikuwa nzuri, na zile kumi na mbili zilipofika Hangzhou ziliitisha nyingine, kicheko hicho kikaisha taratibu.

Wakafanya kazi hivyo karibu miaka mitatu. Yindi akawa na majina ya rangi kumi na moja, yote ya vyakula, na Lai alilalamika kwamba kila siku ya kuzamisha hutoka karakanani na njaa.

Suyun, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi huko Lishui, alikuja nyumbani kwa mwaka mpya akamwona baba yake akimimina chai kando ya kikombe. Hakuuliza mengi. Alimwambia, "Baba, ni mtoto wa jicho. Hospitali wanautoa. Tutakwenda wiki ijayo."

"Wiki ijayo nina panga."

"Wiki inayofuata."

"Miguu inauma."

"Wanakata jicho, baba, si mguu."

"Ndicho ninachokiogopa!" alisema Tiegen, na wanawake wote wawili wakacheka, naye akaona aibu, akaenda.

Alirudi baada ya siku kumi. Alishuka kwenye basi taratibu, kama mtu aliyebeba maji, akatembea barabara nzima akigeuza kichwa. Uani alisimama mbele ya Yindi, akamtazama kwa muda mrefu sana.

"Nini?" alisema Yindi. Alikuwa amechana nywele mara mbili asubuhi ile, na asingekubali kuungama.

"Umezeeka."

"Safari nzima ya basi umetafuta neno hilo?"

"Na hili kovu la shavuni?"

"Ni cheche yako, mwaka ule nilipokuingilia karakanani. Ulisema huoni kitu."

"Kweli sikuona." Aligusa kovu kwa kidole gumba. "Na kwa nini ukuta umepakwa buluu?"

"Ukuta haujapakwa kitu. Ni ule ule."

Ulimwengu wote ulikuwa umemgeukia buluu, alisema, kama nguo iliyofuliwa mno. Lakini aliona. Aliona kuku wa Lai juu ya paa na kijani cha kila jani la mianzi.

Siku ya kuzamisha ilipofika, Yindi alibaki kwenye benchi lake. Hakuambiwa na mtu. Alijiambia kwamba ni haki, mume amepata macho yake, na kazi ya jiwe haijakwisha. Akamwagia jiwe maji, akaanza. Ng'ambo ya ua aliwasikia wakiziba madirisha. Alisikia mvukuto. Alijikuta mkono umesimama na midomo inatembea yenyewe, damu ya bata, pilipili kavu, na akajikasirikia, mtu mzima kama yeye, kuumia moyo kwa ajili ya chumba chenye moshi.

Mvukuto ukakoma. Lai akatoa kichwa mlangoni.

"Shemeji, unangoja tukubebe kwenye kiti?"

"Anaona sasa."

"Muulize anavyoona."

Yindi alivuka ua, mikono ikichuruzika maji. Tiegen alikuwa ameketi mbele ya tanuri, upanga ukiwa bado mweusi pembeni. Hakugeuka.

"Nimeutazama moto," alisema. "Ni mzuri. Nilikuwa nimesahau. Lakini nauona kama mgeni, Mama Suyun. Rangi si zile za zamani. Nikisema sasa, sijui ni sasa ya nani."

"Utazizoea. Mwezi mmoja tu."

"Nitazizoea." Alichukua koleo. "Hata nikizizoea, nimeshindwa kufanya kazi kimya kimya. Lai anapiga domo lisilo na maana, na wewe unapiga lenye maana. Simama hapa."

"Nimesikia hiyo," alisema Lai, akavuta mvukuto.

Yindi akasimama pale, na aliendelea kusimama pale miaka tisa zaidi.

Kila mwezi wa tano wahunzi wa Longquan hukusanyika kwenye madhabahu ya babu yao, karibu na visima vya kale, kuchoma uvumba. Wakati ule wazee waliruhusu wanaume tu kupita lango. Mwaka uliofuata ule wa hospitali, mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha, Tiegen alifika langoni na mkewe, akawakuta wenzake wamekwisha kujipanga ndani. Walimwita. Alikuwa mmoja wa wakongwe sasa, na palikuwa na nafasi yake mbele.

Alifungua mwavuli. Akaketi juu ya ukuta mfupi wa nje, kando ya Yindi, akatoa mfukoni wali wa sikukuu uliofungwa kwa majani ya mwanzi, akaanza kufungua uzi.

"Nenda," alisema Yindi. "Wanakungoja."

"Uvumba unanukia hadi huku," alisema Tiegen. "Hata yule babu ananusa. Una nyama au una tende?"

"Wa kwako una nyama."

"Nipe wa tende," akasema, na wakabadilishana.